Bunduki, Mkuki na Ukunga: Historia ya Ulinzi wa Nafsi katika Iringa na Mbeya

I

Jina la mji wa Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome au boma lililozungushiwa ukuta. Wajerumani, ambao wenyeji waliwaita Wadachi, waliliita hivyo kwanza boma la Mtwa Mkwawa pale Kalenga, kisha wakakipa jina hilo kituo chao kipya walichokianzisha mwaka 1896 juu ya kilima kitazamacho Mto Ruaha Mdogo. Basi mji mkubwa wa Uhehe wabeba hata leo kumbukumbu ya kinga. Nayo ni kinga ya ukuta mmoja uliowazunguka watu wengi, si ya silaha moja iliyo mkononi mwa mtu mmoja.

Tofauti hiyo yastahili kuchunguzwa. Suala la mtu kubeba bunduki ili ailinde nafsi yake huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni suala la siku hizi, lililoletwa na wezi wa mijini na majambazi wa barabarani. Katika Nyanda za Juu za Kusini suala hilo limekuwapo kwa zaidi ya miaka mia na thelathini, na majibu yake yamepatikana katika vita, katika mahakama, na katika desturi za ujirani. Jambo moja hurudia katika historia hiyo yote: bunduki ilipokuwa chombo cha mamlaka ilijenga na kuvunja tawala, ilipokuwa jibu la mtu mmoja kwa hofu yake au hasira yake, mara nyingi haikumwokoa mwenyewe.

Lugha nayo yatoa ushahidi wake. Maneno silaha, bunduki, baruti na risasi yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Bastola limetoka katika lugha za Ulaya. Neno bunduq katika Kiarabu lilitaja kwanza tunda dogo la kokwa, kisha kitufe kilichorushwa kwa upinde, na mwisho ndipo jina likahamia kwenye silaha ya baruti. Lakini maneno ngao, upinde, mshale na rungu ni ya Kibantu, na vitenzi kulinda na kukinga ni vya asili hiyo hiyo. Chombo kilikuja na jina lake kutoka ng'ambo. Tendo la kulinda lilikuwa na jina lake tangu kale.

II

Kabla ya bunduki kuenea, usalama wa mtu katika nchi hizi ulitegemea mambo mawili: namna alivyojenga na watu aliojenga nao. Wahehe na Wasangu walikaa katika tembe, yaani nyumba ndefu za udongo zenye mapaa bapa, zilizounganishwa kuuzunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Adui aliyekuja usiku hakuukuta mlango wa mtu mmoja. Aliukuta ukuta wa jamaa nzima. Silaha ya kila mwanamume ilikuwa mkuki na ngao. Chuma chake kilifuliwa na wahunzi wa nchi zile zile, hasa wa Ukinga na Upangwa, ambao majembe yao yalikuwa bidhaa mashuhuri. Mkuki ulipovunjika, mwingine ulipatikana bila kusubiri msafara wa pwani.

Katika Unyakyusa, kusini ya milima ya Mbeya, ulinzi ulikuwa na sura nyingine. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyoondoka nyumbani mwa baba zao wakiwa bado wadogo, wakajenga kijiji chao pamoja na wenzao wa rika moja, na kukaa humo pamoja hata baada ya kuoa. Majirani wa mtu, kwa hiyo, walikuwa ndio askari wenzake. Desturi hiyo iliambatana na fadhila waliyoiita ukwangala, yaani raha na adabu ya kukaa na wenzako vyema, kula nao na kuzungumza nao. Wakuu wa vijiji, amafumu, walidhaniwa kukilinda kijiji usiku dhidi ya wachawi, kama vile vijana walivyokilinda mchana dhidi ya wavamizi. Kwa Wanyakyusa, mtu aliyejitenga hakuwa mtu huru. Alikuwa mtu asiye na kinga.

Kiungo cha mpango wa namna hii ni sauti. Kiswahili cha kale kina msemo wa kupiga ukunga, yaani kutoa kilio kikali cha kuomba msaada. Wengine husema kupiga yowe. Ukunga una masharti mawili: kwamba yupo anayesikia, na kwamba anayesikia analazimika kuja. Sharti la kwanza hutimizwa na ujenzi wa nyumba. La pili hutimizwa na desturi. Panapokosekana moja, ukunga ni kelele tu. Hata jina la Wahehe lenyewe, kwa mujibu wa masimulizi mashuhuri, latokana na kilio cha vita cha watu wengi kwa pamoja.

III

Bunduki ziliingia nyanda hizi pamoja na biashara ya pembe na watumwa katika karne ya 19. Nyingi zilikuwa magobore, yaani bunduki za kushindiliwa baruti na risasi mdomoni. Kaskazini ya Mbeya ya leo, katika Ukimbu, mtawala Nyungu ya Mawe alijenga enzi yake kwa majeshi ya ruga-ruga, vijana wa vita walioishi kwa bunduki na mateka, hata alipokufa mwaka 1884. Katika Usangu, watawala wa ukoo wa Merere walinunua bunduki kwa pembe. Hata hivyo Merere hakuacha kujenga kuta: mwaka 1877 msafiri Mwingereza J. Frederic Elton aliukuta mji wake ukiwa katikati ya vita. Na baadaye, alipozidiwa na Wahehe, Merere alikimbilia Usafwa, akajenga huko Utengule ngome ya mawe, si mbali na mahali unapokaa mji wa Mbeya sasa.

Yafaa kutazama ni nani aliyezishika bunduki hizo. Gobore lilikuwa ghali, na baruti yake ililetwa kutoka pwani. Mkulima wa kawaida hakulimiliki. Lilikuwa mali ya mtawala, ya mfanya biashara, ya mwindaji wa tembo na ya askari wao. Kwa mtu wa kijijini bunduki haikuwa kinga bali sababu mpya ya kuhitaji kinga. Hofu iliongezeka, na watu wakazidi kukusanyika chini ya watawala wenye ngome. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza katika Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Hesabu za namna hiyo ndizo zilizoyasukuma mataifa ya Ulaya kutia sahihi Mkataba wa Brussels tarehe 2 Julai 1890. Mkataba huo ulikusudia kukomesha biashara ya watumwa, na kwa ajili hiyo ulizuia kuingiza bunduki na baruti katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Silaha zilizoruhusiwa zilipaswa kuwekwa katika ghala za serikali. Walakini mkataba ulifungua mlango mmoja: msafiri mwenye hati ya serikali yake iliyoshuhudia kwamba silaha ni kwa ajili ya kujilinda mwenyewe tu, aliweza kupewa. Hapo ndipo wazo la bunduki ya kujilinda lilipoingia katika sheria ya nchi hizi, nalo liliingia kwa upande mmoja. Hofu ya mgeni apitaye ilitambuliwa kwa maandishi. Hofu ya mwenyeji aliyepitiwa na misafara yenye bunduki haikutajwa.

IV

Mwaka mmoja baada ya mkataba huo, ubora wa bunduki ulitiwa katika mizani. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Wadachi chini ya Emil von Zelewski, lenye askari wapatao 320 pamoja na wapagazi, lilikuwa likienda kwa safu ndefu katikati ya vichaka na majabali. Mizinga ilikuwa imefunguliwa na kupakiwa juu ya punda. Wahehe waliokuwa wamejificha waliruka kwa mikuki kabla askari hawajapata nafasi ya kupiga kwa mpango, na muda si muda jeshi lile likavunjika. Masimulizi yasema kwamba Zelewski, aliyekuwa amepanda punda, aliwapiga Wahehe kwa bastola yake, kisha akachomwa mkuki na kijana wa miaka kama kumi na sita. Bastola, silaha ya kujilinda kuliko zote, ilimfaa bwana wake kwa nukta chache tu.

Wahehe waliteka siku hiyo bunduki karibu 300. Lakini ushindi wa Lugalo haukuwa ushindi wa mkuki juu ya bunduki kwa jumla. Ulikuwa ushindi wa watu waliokaribiana na adui ambaye silaha yake yahitaji nafasi na muda. Mkwawa mwenyewe alitumainia ukuta wake wa Kalenga, na humo akaweka akiba ya bunduki na baruti. Tarehe 30 Oktoba 1894 ukuta huo ulivunjwa kwa mizinga, na Wadachi wakaikuta akiba hiyo. Kwa hiyo lilinga nalo lina mpaka wake: lawakinga watu dhidi ya wenye silaha za kiasi chao, si dhidi ya mzinga.

Baada ya hapo Mkwawa alipigana vita vya porini kwa karibu miaka minne. Aliendelea kwa sababu watu wa vijiji walimlisha na kumficha, wala hawakumtoa hata alipotangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Alipozidi kubanwa na wafuasi wake kupungua, alibaki na bunduki yake. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, aliitumia kujiua ili asikamatwe. Fuvu lake, ambalo Mkataba wa Versailles wa 1919 ulilitaja, lilirudishwa Kalenga na Gavana Twining tarehe 19 Juni 1954. Katika habari hiyo, inayosimuliwa kama habari ya ushujaa, limo pia fundisho la ulinzi: Mtwa alikuwa salama siku zote alipokuwa na watu, na siku alipobaki na bunduki tu haikuwa na la kumfanyia ila hilo.

V

Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilileta jaribio jingine. Maji yale yalitolewa kama kinga dhidi ya risasi: yaliahidi kwamba mtu asiye na bunduki aweza kumkabili mwenye bunduki bila kudhurika. Mwezi wa Septemba 1905 Wabena wa Mbeyela walishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe, katika nchi ambayo baadaye iliwekwa katika Mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipofanywa mkoa wake. Mmisionari Paul Gröschel na watu wa kituo walijilinda kwa bunduki, na washambuliaji wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Tukio hili halifai kufichwa na mtu asemaye kwamba bunduki haijapata kumwokoa yeyote. Pale Yakobi iliwaokoa waliokuwa ndani. Lakini hata huko haikuwa silaha ya mtu mmoja. Kilikuwa kituo, chenye watu walioamriwa na kupangwa zamu.

Maji yalishindwa kuzuia risasi, na baada ya vita serikali ya Kidachi ilikaza zaidi mkono wake juu ya bunduki za wenyeji. Waingereza walipoitwaa Tanganyika chini ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, walipewa pia wajibu wa kudhibiti biashara ya silaha. Tangu hapo bunduki ikawa kitu cha leseni. Wakati huo huo walowezi waliongezeka katika Iringa na Mufindi, na wachimba dhahabu wakamiminika Lupa katika wilaya ya Chunya. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu hiyo. Mlowezi na mchimbaji walizoea kuwa na bunduki. Mwenyeji aliyepata leseni kwa kawaida alipata gobore, nalo kwa ajili ya nguruwe, nyani na wanyama wengine waharibuo mashamba. Neno ulinzi likapata hivyo maana mbili katika kinywa kimoja: kwa mmoja lilikuwa kulinda nafsi, kwa mwingine kulinda mahindi. Nayo methali ya Waswahili ilikuwa tayari imetangulia kuonya: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

VI

Uchungu huo ulionekana katika Isimani, kaskazini ya Iringa, miaka kumi baada ya Uhuru. Nchi ya Isimani ilikuwa imegeuka kuwa nchi ya mahindi, yenye wakulima wakubwa waliolima kwa matrekta. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilikusudia kuanzisha huko vijiji vya ujamaa, na kazi hiyo ilisimamiwa kwa bidii kubwa na Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Dakta Klerruu alikwenda Isimani akiendesha gari mwenyewe, bila askari. Alimkuta Saidi Mwamwindi, mkulima, katika shamba lake. Yalitokea maneno. Mwamwindi alichukua bunduki yake, akampiga na kumwua. Kisha akaipakia maiti katika gari la marehemu, akaipeleka mwenyewe kwa polisi mjini Iringa.

Kesi ilisikilizwa Iringa na Jaji Onyiuke wa Mahakama Kuu, mwaka 1972. Utetezi ulidai kwamba mshtakiwa alitukanwa na kughadhibishwa kupita kiasi. Mahakama haikukubali, na Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Wanahistoria wamelitazama tukio hilo kama sehemu ya ugomvi wa ardhi na ujamaa, nao wana haki. Lakini latazamika pia kwa upande wa silaha. Mwamwindi aliiona nafsi yake, shamba lake na heshima yake kuwa hatarini. Aliyekuwa mbele yake hakuwa na bunduki. Kama ndani ya mkono hakukuwa na kitu cha haraka hivyo, hasira ile huenda ingeishia katika matusi, mashtaka au hata mapigano ya fimbo, ambayo yana majirani wa kuyaamua. Bunduki haikuacha muda wa majirani. Ilimaliza ugomvi kwa nukta chache, na ikawaangamiza wote wawili.

Sheria inayatofautisha mambo haya. Kanuni ya Adhabu ya nchi yamruhusu mtu kujilinda, kumlinda mwenziwe na kulinda mali, ila kwa nguvu zinazolingana na hatari. Na atakayeua kwa kuzidisha nguvu katika kujilinda ana hatia ya kuua bila kukusudia. Ghadhabu ni mlango mwingine, mwembamba zaidi. Kipimo cha sheria ni hatari iliyokuwapo, nacho ni kipimo ambacho mwenye hofu, akiwa na kidole juu ya kifyatulio, hukisoma vibaya kuliko mtu yeyote.

VII

Mwaka huo huo wa 1971 nchi ilichagua njia nyingine ya ulinzi. Baada ya Mwongozo wa TANU, jeshi la mgambo lilianzishwa ili wananchi wenyewe wafunzwe silaha chini ya amri, na sheria ya 1975 ikawapa mgambo uwezo wa kukamata. Wazo lilikuwa kwamba raia ajue kutumia bunduki bila kuwa nayo nyumbani.

Katika miaka ya 1981 na 1982 likatokea jambo ambalo halikuagizwa na serikali. Katika Unyamwezi na Usukuma, wanavijiji waliochoshwa na wezi wa ng'ombe walijipanga wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi, wakajiita sungusungu, kwa jina la wale siafu weusi waumao kwa wingi. Mwizi wakati huo mara nyingi alikuwa na bunduki. Mlinzi alikuwa na sauti na idadi. Jina likaenea hata likawa neno la nchi nzima kwa ulinzi wa zamu, na mwaka 1989 sheria iliwatambua. Mwenye kuijua historia ya ukunga hataona ugeni katika filimbi ya sungusungu: ni masharti yale yale mawili, asikiaye na alazimikaye kuja.

Hata hivyo njia hii nayo ina dhambi zake. Watu waliokusanyika kwa yowe waweza kumwua asiye na hatia, na hawarudi nyuma kumwuliza. Sungusungu katika baadhi ya mahali waliwapiga na kuwafukuza wanawake wazee kwa kuwatuhumu uchawi. Hata katika Unyakyusa wa kale, ukwangala uliomkinga mtu mwema ulimwacha nje aliyenuniwa na kijiji. Mtu aliyedhaniwa mchawi alihama, hakulindwa. Bunduki ya mtu mmoja yaweza kukosea haraka, na kijiji chaweza kukosea kwa kauli moja. Ndiyo sababu kinga ya wengi yahitaji juu yake mtu wa kuihoji: zamani mtawala na wazee wake, sasa polisi na mahakama.

Sheria ya silaha ya 1991, na baadaye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 iliyoifuata, zimeendeleza msingi ule wa leseni: bunduki ni kitu ambacho mtu hupewa kwa sababu aliyoieleza na kukubaliwa, si kitu anachodai kwa kuwa raia. Mtu wa Iringa au Mbeya apeleka leo ombi lake kwa polisi, na aweza kuandika humo kwamba anataka kujilinda. Hilo ni tofauti kubwa na mwaka 1890, wakati sababu hiyo ilipokubaliwa kwa msafiri wa Ulaya peke yake. Usawa umepatikana mbele ya ombi. Lakini ombi halijibu swali ambalo tembe, kijiji cha rika na filimbi vililijibu kila kimoja kwa namna yake: usiku, mlango ukigongwa na mtu asiyejulikana, ni nani mwingine aliye karibu kiasi cha kusikia, na je, atakuja? Mwenye bunduki na asiye nayo wote hulala na swali hilo, na jibu lake haliandikwi katika leseni.